Beringi kwanza, mota mwisho: kufufua magari ya rimoti ya zamani tukiwa Mbeya

Vijana wanaoniletea magari ya rimoti ya zamani karibu wote huanza na swali moja: "Fundi, tuliwekee mota gani?" Jibu langu halibadiliki: mota ni ya mwisho. Gari lililokaa darini miaka mingi lina vitu vinavyolizuia, na hivyo ndivyo vya kushughulikia kabla ya kulitafutia nguvu: grisi iliyoganda, bushi zilizolika, waya zenye kutu ya kijani na redio isiyosikia. Ukishaviondoa hivyo, mara nyingi mota ileile iliyokuja nalo inatosha kabisa.

Nazungumzia magari ya hobi, siyo yale ya kuchezea watoto. La watoto limebanwa kwa gundi na bodi moja ya umeme, likifa limekufa. Gari la hobi limefungwa kwa skrubu kila mahali, na kila kipande kinauzwa peke yake. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934 ya kipimo cha 1/12, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya gari halisi. Mwaka 1984 yakafuata mawili ninayoyapenda kuliko yote, Grasshopper na Hornet, ya kipimo cha 1/10, yakiuzwa vipandevipande ili mnunuzi aunganishe mwenyewe. Hornet ilirudishwa sokoni mwaka 2004 na Grasshopper mwaka 2005, kwa hiyo spea za gari lililobuniwa miaka arobaini iliyopita bado zinatengenezwa. Kwa anayeanza, hili ni jambo kubwa. Gari zuri lisilo na spea litabaki pambo la kabati.

Hapa Mbeya magari haya huwa nayapata soko la Mwanjelwa, kwenye mizigo ya vitu vilivyotumika, yamechanganyika na sufuria na midoli. Muuzaji anaona kitu kibovu kisichowaka. Wewe ligeuze juu chini. Ukiona skrubu kila kona na jina la Tamiya au Kyosho limejitokeza kwenye plastiki, usiliache.

Kulifungua bila kuliua

Magari mengi huharibikia mikononi mwa anayeyafungua. Skrubu za Kijapani za zamani zinafuata kiwango cha viwanda vya Japani kiitwacho JIS, na zinafanana sana na nyota ya kawaida, ila ncha ya bisibisi ya nyota tunayoinunua madukani haikai mpaka chini ya tundu lake. Ukikaza mkono inapanda, inateleza na kula kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi ya JIS. Ukiikosa, chukua nyota nzuri uisage ncha kidogo sana kwenye jiwe la grainda ili izame vizuri. Wakati wa kurudisha, zungusha skrubu kinyume taratibu mpaka usikie imedondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukiilazimisha itachonga njia mpya, na baada ya mara chache tundu la plastiki halitashika tena.

Mafundi wenzangu wa pikipiki wamezoea kuosha kila kitu kwa petroli. Kwa chuma sawa. Kwa chasisi ya ABS (plastiki ngumu) au bodi ya polikaboneti (plastiki nyembamba inayoonyesha), petroli na thina ni sumu: plastiki inapata nyufa ndogondogo, kisha inavunjika siku ambayo hujaigonga popote. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki vinatosha. Kwenye sehemu za umeme tumia spiriti.

Fungua pia boksi la betri kabla ya kitu kingine chochote. Betri zilizosahauliwa ndani huvuja, na ule unga mweupe au wa kijani kwenye vishikio mara nyingi ni alkali. Paka siki au maji ya limao kwa pamba, acha ichemke kidogo, kisha futa kwa spiriti na upige msasa laini. Pakiti za zamani za betri za NiCd (nikeli na kadimiamu) zina kadimiamu ndani yake, kwa hiyo usizichome wala usizitupe shambani.

Chasisi ikiwa na ufa, iangalie kwanza kwenye matundu ya skrubu za mbele, kwa sababu ndiko kipigo cha bampa kinakofikia. Gundi ya kubandika papo kwa papo inashika siku hiyo na kuachia kesho yake. Dawa ya kudumu iko kwenye vifaa vya elektroniki vilivyokufa: tafuta ganda la kompyuta au televisheni lenye alama ya ABS iliyochongwa kwa ndani, likatekate, uloweke vipande kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo mpaka viwe uji mzito. Uji huo ni plastiki ileile ya chasisi. Ukiupaka juu ya ufa na kuuacha siku mbili, asetoni inatoka na plastiki inaungana na plastiki. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto.

Vumbi letu na beringi

Hapa ndipo gari la Mbeya linapohitaji uangalizi kuliko gari la mtu wa Dar es Salaam.

Magari mengi ya enzi hiyo yalitoka kiwandani yakiwa na bushi za plastiki au za shaba badala ya beringi. Bushi ni pete tu. Ekseli inajizungusha ndani yake, ikisuguana. Kwenye sakafu safi zinakaa muda mrefu. Lakini udongo wetu, kuanzia Rungwe mpaka mjini, umechanganyika na majivu na pumisi ya volkano. Mlima Rungwe ulimwaga pumisi nyingi kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, na volkano ya Ngozi nayo ilimwaga yake. Pumisi ndiyo lile jiwe la kusugulia visigino. Ni kioo chenye povu, na vumbi lake likichanganyika na grisi linakuwa msasa wa majimaji. Msimu mmoja wa kiangazi unatosha kulifanya tundu la bushi ya shaba liwe na umbo la yai. Hapo gurudumu linayumba, meno ya gia hayakutani sawasawa, na mota inakula umeme bure.

Kwa hiyo pesa ya kwanza kabisa iende kwenye beringi. Ukubwa unaokutana nao sana kwenye Tamiya za zamani ni milimita 5 ndani, 11 nje na 4 unene. Kwenye katalogi huitwa MR115. Kuna aina mbili za ulinzi. ZZ zina vifuniko vya chuma: zinazunguka laini sana, lakini zinaacha mwanya mdogo ambao vumbi hupita. 2RS zina sili za mpira pande zote mbili na ni nzito kidogo kuzungusha. Mtu anayekimbizia gari kwenye zulia la ndani achukue ZZ. Sisi tuchukue 2RS, bila mjadala. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita) kila bushi uliyoitoa kabla ya kuagiza, maana gari moja linaweza kuwa na ukubwa zaidi ya mmoja.

Beringi zikiwa njiani, fungua giaboksi. Grisi ya kiwandani ya miaka ya 1980 mara nyingi imekuwa nta ya kahawia. Ikiwa ndani kuna unga wa kijivu kilichokolea, mtuhumiwa ni pinioni, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota. Tamiya ilitumia pinioni za alumini laini kwenye vifurushi vingi, na meno yake yakisagika, unga huo unakwenda kula gia za plastiki. Weka pinioni ya chuma cha pua au cha kawaida yenye idadi ileile ya meno na moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) ileile. Kisha grisi nyeupe ya gia za plastiki, kidogo, kwenye meno tu. Giaboksi lililojazwa grisi pomoni linaburuza gari na kukusanya vumbi kwenye kila mwanya.

Jaribio langu ni rahisi: funga giaboksi bila mota, zungusha gurudumu kwa kidole. Linapaswa kuendelea kuzunguka lenyewe kwa muda baada ya kuliachia. Likisimama papo hapo, usiendelee mbele. Rudi ndani.

Redio, mwendo na betri

Rimoti za zamani zilitumia mawimbi ya megahetsi 27 au 40, na jozi ya kristali, vipande vidogo vinavyopanga wimbi na kutofautishwa kwa rangi. Ya kwenye kipokezi hutofautiana na ya kwenye rimoti kwa kilohetsi 455, ndiyo maana ukizibadilishana gari halisikii. Watu wawili wenye rangi moja ya kristali hawawezi kukimbiza pamoja, na mota yenye cheche mbaya inatosha kulifanya gari litetemeke lenyewe. Redio za gigahetsi 2.4 zilimaliza habari hiyo: zinajitafutia nafasi, na antena yake ni kipande kifupi cha waya badala ya ule mrefu. Mimi huiacha antena ya zamani mahali pake kwa ajili ya sura ya gari.

Tahadhari moja kwa anayetumia sevo ya zamani (mota ndogo inayosukuma usukani au swichi ya mwendo) na kipokezi kipya: siku hizi waya chanya uko katikati, lakini zamani kila kampuni ilipanga waya zake ilivyotaka. Pima kwa mita. Usifuate rangi ya waya.

Swichi ya mwendo ya asili ni kifaa cha kupendeza kukitazama. Sevo inasukuma mkono wa shaba juu ya vipande vya shaba, hatua chache tu za kasi, na kwenye mwendo wa polepole umeme wa ziada unageuka joto ndani ya resista ya kauri, kipande kinachopunguza umeme. Unalipa betri ili kupasha moto kauri. Kidhibiti cha kielektroniki kinaondoa upotevu huo, na kwa mota ya kaboni (ile yenye brashi za kaboni ndani) huhitaji cha gharama. HobbyWing QuicRun 1060 kinatosha, na kina vijumpa viwili (vikofia vidogo vya kuhamisha kwenye pini): kimoja cha kuchagua aina ya betri, kingine cha kuchagua kama gari lirudi nyuma au liwe na breki tu. Hiki cha betri kisikupite. Pakiti ya zamani ilikuwa seli sita za volti 1.2, jumla 7.2. LiPo (betri ya lithiamu) ya seli mbili ni volti 7.4, na ikijaa ni 8.4. Seli yake ikishuka chini ya volti 3 inaharibika, na swichi ya shaba haijui kuzima. Ndiyo maana sikubali LiPo iwekwe kwenye gari lenye swichi ya asili, hata mwenye gari aombe vipi.

Chaji LiPo kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, ukiwa macho. Ukihifadhi, iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Na asubuhi za Juni na Julai, kwa wenzetu wa Makete na Njombe hasa, betri iliyolala baridi inashuka volti haraka gari linapovuta, kidhibiti kinadhani imeisha na kuzima. Itembeze ndani ya koti kabla ya kuanza.

Vifaa vyote vya asili ninavyovitoa, hata swichi iliyoungua, navifunga kwenye mfuko na kumpa mwenye gari. Sitoboi tundu jipya kwenye chasisi ya zamani kama utepe wa gundi pande mbili unaweza kushika kifaa. Anayekuja baada yetu anaweza kutaka kulirudisha lilivyokuwa, na ni haki yake.

Bodi ya Hornet ni polikaboneti, inapakwa rangi kwa ndani. Ikiwa na ufa, toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha kwa ndani bandika kipande cha ule utepe wa wavu wa kuungia jipsamu kwa gundi ya viatu inayobaki laini. Jaribu gundi pembeni kwanza, nyingine zinaunguza plastiki.

Sasa mota

Sasa tunaweza kulijibu swali la vijana. Hornet ilikuja na mota ya ukubwa wa 540, Grasshopper na ya 380 iliyo ndogo zaidi. Kama mota ya asili imefungwa kabisa, kaboni zake hazibadilishiki. Ipulizie dawa ya kusafishia kontakti, tone moja la mafuta kila upande wa shafti, kisha ipime bila mzigo. Mota nzima ya 540 huvuta kiasi cha ampea 1 hadi 2. Ikivuta 4 au 5, imechoka au shafti inabana. Hakikisha pia ina kapasita tatu za kauri zenye namba 104: moja kati ya vituo viwili, na moja kutoka kila kituo hadi kwenye ganda. Ndizo zinazonyamazisha cheche.

Mota isiyo na kaboni siiweki kwenye Hornet. Ekseli yake ya nyuma na giaboksi vinapanda na kushuka kama kitu kimoja, na gari huruka mabonde kama mbuzi. Nguvu ya ghafla linapotua inaishia kwenye gia za plastiki za difu. Anayetaka kasi zaidi achukue 540 yenye nguvu kidogo kama Tamiya Sport Tuned, iliyo juu ya ya kawaida bila kulivunja gari.

Likishakamilika, likimbize dakika tano kwenye lami, kisha gusa ganda la mota. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700, na shinikizo la hewa hapa ni kiasi cha asilimia 81 ya lile la pwani, kwa hiyo hewa yetu nyepesi inapoza kidogo kuliko unavyosoma kwenye maelekezo ya Wajapani. Joto la kuweza kuweka kidole sekunde kadhaa ni sawa. Likikuchoma mara moja, usikimbilie kununua feni. Toa mota, rudia jaribio la kidole kwenye gurudumu, kisha kagua beringi ya upande wa gia kubwa kabla ya nyingine zote.