Runinga ilituibia? Tuliyoyaamini wakati wa uchaguzi, na yaliyokuwepo

Usiku wa Jumatano, tarehe 10 Agosti 2022, siku moja baada ya Wakenya kumpigia kura rais, sebule yetu iligawanyika mara mbili. Mimi nilikuwa na rimoti, shemeji yangu ana simu. Kwenye stesheni yangu Raila Odinga alikuwa anaongoza. Kwenye stesheni yake, dakika hiyo hiyo, aliyeongoza ni William Ruto. Tukaonyeshana vioo kama watoto wanaoshindana kwa picha. Kufikia saa nane za usiku hatukuwa tunasemezana tena, na mama mkwe akatutuma tukalale, maana kura zilishapigwa na kelele zetu hazingeongeza hata moja.

Nakiri mapema: mrengo wangu ulishindwa. Kwa hivyo mengi ya haya ninayoyaita dhana potofu niliyabeba mwenyewe, mengine kwa miezi. Shemeji naye alikuwa na yake, na cha kushangaza ni kwamba yalifanana na yangu. Tofauti ilikuwa jina la mkosaji tu.

"Stesheni mbili, takwimu mbili. Basi moja ilinunuliwa."

Hili ndilo lililotukosesha usingizi, na ndilo lenye maelezo mepesi kuliko yote.

Mwaka huo IEBC, tume ya uchaguzi, haikuonyesha jumla inayosonga kwenye skrini kama ilivyofanya awali. Badala yake ilipakia kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani karatasi ya matokeo inayojazwa na kutiwa sahihi kwenye kila kituo cha kupigia kura. Vituo vilikuwa 46,229. Mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuzipakua: mimi, shemeji, hata mwanafunzi wa Fomu Tatu kijijini. Vyumba vya habari vikaajiri watu wa kuzifungua moja baada ya nyingine, kusoma mwandiko wa afisa aliyekuwa macho tangu alfajiri, na kuingiza nambari kwenye kompyuta.

Sasa piga hesabu. Tuseme fomu moja inachukua dakika mbili. Fomu 46,229 ni zaidi ya saa 1,540 za kazi. Hata ukiwa na makarani thelathini wasiolala wala kwenda msalani, utamaliza baada ya saa 51. Hapo katikati, picha unayoionyesha taifa inategemea ulianzia wapi. Ukianza na fomu za Kisumu na Siaya, Raila anapaa. Ukianza na Kericho na Nyeri, Ruto anapaa. Kila kituo kilikuwa na wapiga kura wasiozidi 700, kwa hivyo mafungu machache ya fomu kutoka ngome moja yalitosha kugeuza asilimia nzima. Hakuna aliyehitaji kununuliwa.

Kosa la stesheni lilikuwepo, ila si lile tulilolipigia kelele. Ziliweka asilimia kubwa kubwa kwenye skrini, na maelezo ya fomu hizo zilitoka kaunti zipi ama yakakosekana ama yakaandikwa kwa herufi ambazo mama mkwe hawezi kuzisoma hata akivaa miwani. Ukimwonyesha mtu mwenye wasiwasi "51%" bila kumwambia ni ya wapi, umempa silaha, hujampa habari.

"Walipositisha hesabu, waliamrishwa."

Kufikia mwisho wa juma lile hesabu za runinga zilipunguza mwendo, nyingine zikasimama kabisa. Hapo ndipo mitaa ilipojaa nadharia. Sina namna ya kujua kila simu iliyopigwa kwenye kila chumba cha habari, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba fomu hazikuondolewa. Ziliendelea kukaa kwenye tovuti, wazi kwa wote. Anayetaka kuficha matokeo huficha karatasi, hahangaiki na skrini ya runinga.

Katiba nayo iko wazi kuhusu nani anasema nini. Kifungu cha 138 kinampa mwenyekiti wa tume peke yake kazi ya kutangaza mshindi wa urais, ndani ya siku saba. Wanahabari wanaweza kujumlisha na kuripoti wanavyotaka, lakini hawawezi kumtawaza mtu. Wakati huohuo, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeamua Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unaona kwamba ukweli wa kura ulikuwa umeshaandikwa mashinani kabla Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako tume ilijumlisha matokeo ya taifa, haijasema neno. Sisi tulikuwa tunaangalia kioo.

"Kura 142,000 zilitoka hewani."

Dhana hii naipenda, kwa maana ya kwamba ilinitia aibu.

Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alitangaza matokeo: Ruto 50.49%, Raila 48.85%, George Wajackoyah 0.44%, David Mwaure 0.23%. Makamishna wanne wa tume hiyo wakayakana, na siku iliyofuata wakaeleza kwamba ukijumlisha asilimia hizo unapata 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni takriban kura 142,000. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha M-Pesa niliposikia. Niliipigia makofi skrini.

Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia moja ya hizo ndiyo 142,000 na ushee. Asilimia 0.01 ni kura 1,421 hivi. Na hata hizo 1,421 hazikuwepo. Chukua idadi zenyewe, 7,176,141 za Ruto na 6,942,930 za Raila, pamoja na 61,969 na 31,987 za wale wawili, ugawanye mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Utaona kila mmoja wa wanne alisogezwa juu kidogo ili desimali zibaki mbili. Mwaure, kwa mfano, alipata 0.22505%, ikaandikwa 0.23. Wanne wakisogezwa juu kwa pamoja, jumla inapita mia kwa nukta. Mwalimu wa darasa la saba huita hiyo kukadiria.

Kwa nini basi ilitembea hivyo? Kwa sababu ilitangazwa moja kwa moja, na katika matangazo ya moja kwa moja anayeshika maikrofoni ndiye mhariri. Hapa mwenye hasira na vyombo vya habari ana haki kamili. Chumba kizima cha habari kilikuwa na watu wenye kompyuta, na nambari ile ilihitaji sekunde kumi tu. Ilifika kibandani kwetu kabla ya kikokotoo.

Mahakama ya Juu ilitupilia mbali kesi zote tarehe 5 Septemba 2022, kwa kauli moja. Hilo halikumzuia jamaa mmoja kunitumia ujumbe wa "142,000" miezi minane baadaye.

"Githeri media ni ya serikali."

Jina hilo la kudhihaki vyombo vya habari lilishika baada ya uchaguzi wa 2017, pale kamera zilipomganda mtu mmoja anayekula githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kutoka kwenye karatasi ya plastiki akiwa foleni ya kupiga kura, akawa shujaa wa wiki nzima wakati maswali mazito kuhusu upeperushaji wa matokeo yakisubiri. Wafuasi wa upinzani walikasirika, na walikuwa na hoja. Uchaguzi ule wa urais ulibatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba 2017.

Lakini angalia jina hilo lilivyohama. Mwaka 2022 wanaolalamika zaidi kuhusu upendeleo walikuwa watu wa Ruto, ambaye alikuwa Naibu Rais lakini rais aliyekuwepo alikuwa akimuunga mkono mpinzani wake. Wale wale waliosema 2017 kwamba vyombo vimeuzwa wakaviona vimetulia. Na Januari 2018, stesheni tulizoziita za serikali, Citizen, NTV na KTN News, zilizimwa na serikali hiyo hiyo siku ya Raila kujiapisha Uhuru Park, na zikakaa gizani siku kadhaa licha ya amri ya mahakama. Serikali haizimi kipaza sauti chake.

Umiliki hata hivyo si hadithi ya kutunga. S.K. Macharia, mwenye Royal Media Services inayomiliki Citizen, hakuficha mwaka 2022 kwamba anamuunga mkono Raila. Alisema hadharani. Familia za marais wa zamani zina hisa kwenye vyombo vikubwa. Anayesema hilo halina athari anajidanganya. Ila athari hiyo huonekana zaidi kwenye habari ambayo haikuandikwa kuliko kwenye iliyopotoshwa, na huko ndiko mtazamaji mwenye hasira hatazami.

Kuna kamba nyingine fupi zaidi: matangazo ya biashara. Serikali ni mteja mkubwa, na mara nyingi ni mteja asiyelipa kwa wakati. Machi 2024 wizara na mashirika ya umma yaliagizwa yapeleke matangazo yao ya redio na runinga KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Mhariri anayejua mshahara wa mwezi ujao unategemea ankara iliyoko wizarani hahitaji kupigiwa simu na mtu yeyote.

"Usawa ni dakika sawa."

Shemeji alikuwa na saa ya kuhesabia. Kweli. Aliweka kumbukumbu ya nani alionyeshwa mkutano wake mrefu zaidi.

Kifungu cha 34 cha Katiba kinavitaka vyombo vinavyomilikiwa na serikali visipendelee na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Huo ni mzigo wa KBC, kwa kuwa wewe na mimi ndio tunaoilipia. Stesheni binafsi ina miiko ya taaluma na Baraza la Vyombo vya Habari linalopokea malalamiko, lakini haina sheria ya kumpa kila mwaniaji sekunde zilezile. Na ingekuwa nayo, ingekuwa balaa: mwenye kashfa na asiye nayo wangegawiwa dakika tano tano.

"Aliyekacha mdahalo alionewa." Au: "Aliyekacha aliogopa."

Kaa na historia fupi. Mwaka 2013 wawaniaji wote wanane walisimama jukwaani katika shule ya Brookhouse, Nairobi. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, hakuja, Raila akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 Raila hakuja, Ruto akajibu peke yake. Mrengo wa Raila ulisema mpinzani alitaka maswali ya ufisadi na maadili yaepukwe. Wajackoyah alifika akaondoka kwa kuwa alitaka wote wanne wakae jukwaa moja. Hakuna sheria inayomlazimisha yeyote, na kiti kitupu hakijawahi kuamua kura. Mimi niliyecheka kiti cha 2017 ndiye niliyekitetea cha 2022 kwa moyo wote.

"Tafiti za maoni hupikwa."

Nyingi za mwisho mwaka 2022 zilimweka Raila mbele, na zilikosea. Kukosea si kupika. Sheria ya 2012 inamtaka mchapishaji aseme nani alilipia, watu wangapi waliulizwa na pengo la makosa ni kiasi gani, na inakataza kuchapisha siku tano za mwisho. Soma mstari wa mfadhili kwanza, kisha asilimia.

"IEBC ilimnyima tiketi mtu wetu."

Hapa ndipo hasira yetu hugonga mlango wa jirani. Mchujo huendeshwa na chama, isipokuwa chama kimeiomba tume ikisaidie. Aprili 2022, vifaa vilipochelewa na wengine wakapewa tiketi za moja kwa moja kwenye hoteli, walioamua hayo walikuwa viongozi wa vyama. Malalamiko huanzia kwenye kamati ya chama, yakienda mbele yanafika kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, halafu Mahakama Kuu. Anayeona mlango umefungwa kabisa anaweza kusimama huru, kama Kawira Mwangaza alivyofanya Meru akashinda ugavana.

Katika maeneo mengi mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Ukipata tiketi ya chama kinachotamba, Agosti ni kuthibitisha tu. Hata hivyo kamera zinazojaa Bomas hazijai kwenye shule ya msingi ambako chama kinahesabu kura zake kwa tochi, na sisi watazamaji hatuzidai ziende. Tunakipigia debe chama kutoka juu hadi chini, vipande vyote sita vya suti, yaani nyadhifa zote sita kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, bila kujua nani alishona hivyo vitano vya chini.

Na mchujo ni wa wanachama. Mnamo 2021 Wakenya wengi walishtuka walipoangalia kwenye mfumo wa Msajili wa Vyama vya Kisiasa wakakuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuviomba. Mwaka jana, katika mabishano mengine ya chai ya jioni, shemeji na mimi tuliingia kuangalia. Yeye, mshabiki wa kufa na kupona, alikuwa mwanachama wa chama kidogo ambacho hata jina lake alilisoma mara mbili. Akajiondoa palepale, akinung'unika. Ikafika zamu yangu. Nikaingiza nambari ya kitambulisho, nikasubiri. Sikuwa mwanachama wa chama chochote, hata kile nilichokipigania usiku ule nikiwa na rimoti mkononi.