Je, wajua kwanini matope ya mikokoni yananuka yai viza?

Juzi tumepeleka watoto mikokoni kule Mikindani, maji yamekupwa, hatujafika hata mbali mmoja akaziba pua akauliza, hivi huku watu wanamwaga choo? Wenzake wakacheka ila swali lake zuri sana, maana hata wakubwa wengi wanaamini hivo hivo, kwamba mikokoni ni uchafu tu bora pafyekwe pawe mashamba ya chumvi.

Sasa iko hivi. Tope la pale ni laini mno na limeshiba maji muda wote, oksijeni haipenyi, inaishia juu juu, ukichimba kidogo tu unakuta jeusi tii. Na majani ya mikoko yanadondoka kila siku, lazima kuwe na wa kuyaozesha, basi bakteria wanaoishi humo chini kwakuwa oksijeni hawana wanatumia salfeti iliyomo kwenye maji ya bahari, ndani yake kuna salfa, ndo ile ile tunayopulizia mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga ila hapa imeungana na vitu vingine. Wakishaitumia wanatoa gesi, mchanganyiko wa salfa na hidrojeni, na yai likiviza linatoa gesi hiyo hiyo. Ule weusi nao ni salfa imekutana na chuma kilichomo topeni.

Mti wenyewe unaishije humo? Mchu, aina mojawapo ya mikoko, unachomoza vijiti kibao juu ya tope kama penseli, hiyo ni mizizi imekuja kufata hewa, na mkoko ule wenye miguu mirefu una vitundu kwenye hiyo miguu. Kwahiyo jamani mkienda msitembee hovyo, mnakanyaga pua za mti!

Na kwakuwa bila oksijeni kuoza kunaenda polepole sana, kaboni ambayo mti umeivuta hewani inabaki imezikwa humo hata mamia ya miaka, ukifyeka na kufukua hewa inaingia, kaboni inarudi juu. Hili linaniuma kweli kila nikiona mikoko imelazwa chini. Mtwara tuna hifadhi ya bahari nzima toka mwaka 2000, ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, mikoko imejaa mdomoni mwa mto, lakini kuna watoto wa hapa hapa hawajawahi kuigusa.

Wapelekeni. Nendeni siku za bamvu, zile bahari inajaa na kukupwa kupita kawaida, maji yakikupwa ndo tope linaonekana vizuri, vaeni viatu vya kufunga maana ndala zinanasa. Mlambe jani la mchu, lina chumvi kabisa. Halafu mtafute shimo la kaa, kaa akichimba anaingiza hewa na maji, kwahiyo ukuta wa shimo lake mara nyingi ni wa kahawia, chukueni tope la hapo na lile jeusi la pembeni, mtoto anuse yote mawili mwenyewe.