Malezi Chanya Si Kumpa Mtoto Kila Anacholilia

Wiki hii nimeisikia tena kauli ambayo sisi washauri wa malezi tumeichoka, safari hii kutoka kwa baba wa mtoto wa miaka miwili na nusu: "Hayo malezi chanya tumeyajaribu, yameshindikana, mtoto amezidi jeuri." Nilipouliza walijaribu nini hasa, alinieleza kwamba mtoto hulilia simu wakati wa kula, wao hukataa, hueleza, husihi, kisha akishagaragara sakafuni kwa muda humpa. Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechambua mitindo ya malezi katika miaka ya 1960, aliyaita hayo malezi ya kuachilia, akayatenga waziwazi na yale yanayounganisha upendo na mipaka, ambayo ndiyo sisi tunayoyaita malezi chanya.

La umri nitalipitia haraka. Hasira za kujitupa chini ni za kawaida kati ya mwaka mmoja na minne, kwa kuwa matakwa ya mtoto yametangulia maneno yake, na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huzuia msukumo, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Ndiyo maana mahubiri katikati ya kilio hayaingii.

Kinachoniudhi hasa ni imani kwamba mtoto akilia, basi mzazi amekosea. Mtoto aliyenyimwa kitu hulia. Mzazi abaki karibu, aseme kwa maneno machache, "Umekasirika kwa sababu unataka simu, na wakati wa kula hakuna simu," kisha asiitoe. Anayekataa siku tatu na kukubali ya nne humfundisha mtoto kwamba kelele zikirefushwa vya kutosha hulipa, na tabia inayolipwa mara mojamoja bila mpangilio huwa ngumu kuondoka kuliko inayolipwa kila siku. Zaidi ya hayo, mzazi anapoanza kushikilia msimamo, kilio huweza kupanda kabla ya kushuka, na ni katika siku hizo za kupanda ndipo wengi huja kuniambia kwamba yameshindikana. Ukijua hutaweza kukataa hadi mwisho, basi kubali mapema, kabla hajaanza kulia.

Wengine hutetea fimbo kwa methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Naomba waisome upya: kilio kimo, fimbo haimo. Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, ambayo haikupiga marufuku kumchapa mtoto nyumbani, haihalalishi adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa kusudi la adhabu hiyo.

Nina mashaka yangu pia. Baumrind alitafiti familia za California, nyingi zikiwa za Wazungu wa kipato cha kati, ilhali mimi nashauri nyumba ambamo mtoto mmoja analelewa na mama, bibi, shangazi na dada wa kazi, na kila mmoja ana "hapana" yake. Isitoshe, wapo watoto ambao ukiwatajia hasira yao, huwaka zaidi. Kwa hao nimeona afadhali mzazi akae kando yao kimya, ingawa semina zetu hazifundishi hivyo.

Kwa hiyo siku hizi naziomba familia zikubaliane mambo mawili au matatu tu ambayo kila mtu mzima nyumbani atayakataa kwa namna moja, na mengine yote bibi aachwe adekeze.