Mathenge: Ukiukata Juu ya Udongo, Umeupogoa Tu

Wakati wa kiangazi, ukitoka Marigat kuelekea Ng'ambo, kaunti ya Baringo, nyasi zimekwisha na ardhi imebaki vumbi, lakini kando ya barabara kumesimama ukuta wa kijani kibichi. Huo ni mathenge, mti wa miiba ambao jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora. Mgeni huusifu. Mwenyeji huangalia kwanza anakanyaga wapi, maana mwiba wake hupenya viatu vya akala ukaingia mguuni.

Asili ya mti huu ni Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini. Hapa Kenya ulipandwa miaka ya 1970 kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukafika Baringo kupitia mradi wa kuni uliosaidiwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Siwalaumu sana waliouleta. Ukame ulikuwa mkali, kuni zikifuatwa mbali, na hapa palikuwa na mti usiotishwa na jua.

Mzizi wake mkuu huteremka chini sana kufuata maji, na mingine hutandaa karibu na uso wa ardhi kudaka hata manyunyu. Majani ni machungu, mifugo huyapita. Chini ya kivuli chake nyasi hudhoofika hadi zikatoweka.

Ila ujanja wake hasa umo kwenye ganda la mbegu zake. Okota moja lililoiva, la manjano, ulitafune kidogo: ni tamu. Mbuzi hulipenda kupita kiasi. Sukari hiyo hunata kwenye meno, meno yakaoza, mnyama akashindwa kula. Wakazi wa Baringo walipoishtaki serikali mwaka 2006 kwa ajili ya mti huu, mbuzi kibogoyo alipelekwa mahakamani Nairobi kama kielelezo. Wako waliocheka, lakini kwa mfugaji mbuzi wa namna hiyo ni hasara tupu.

Mbegu zenyewe zina gamba gumu. Nyingi hupita tumboni zikiwa nzima, gamba limelainika, kisha huangushwa mahali papya pamoja na samadi yake. Baada ya mvua, chunguza kinyesi cha ng'ombe kilichokaa malishoni, utaona miche midogo imesimama juu yake kama kwenye kitalu. Nyingine husombwa na mafuriko, ndiyo maana vichaka vizito hufuata kingo za mito.

Sasa tuje kwenye panga. Wengi hukata usawa wa goti, kwa kuwa kuinama katikati ya miiba ni adhabu. Naelewa. Lakini baada ya mvua kisiki hicho huchipua kila upande, na palipokuwa na shina moja panakuwa kichaka. Macho ya kuchipulia yako kwenye shingo ya mti, pale shina linapokutana na mzizi, chini kidogo ya udongo. Fukua kwa jembe au sululu, ukate mzizi angalau sentimita 10 chini ya uso wa ardhi, kisha utoe kisiki pamoja na shingo yake. Mche mchanga hauhitaji hata panga: ng'oa kwa mkono udongo ukiwa na unyevu. Ningekuwa na vibarua wachache, ningeanza na shamba lenye miche, si na kichaka kilichokwishakomaa.

Makaa yake ni mazuri, na nyuki huyapenda maua. Lakini mchoma makaa anayechukua mashina manene na kuacha visiki amevuna tu, baadaye atavuna tena palepale. Maganda nayo yakianikwa na kusagwa hadi mbegu zivunjike huwa chakula kizuri cha mifugo, na mbegu iliyosagwa haioti.

Na kama mifugo yako imelisha kwenye mathenge, usiipeleke moja kwa moja kwenye malisho safi. Ifungie zizini siku kadhaa, uilishe nyasi, imalize kutoa mbegu. Mvua ikinyesha miche itaota humo zizini, na watoto wataing'oa asubuhi moja kabla haijaota miiba.