Choo cha maji machache si choo dhaifu

"Chukua chenye tangi kubwa, kingine kitakuzibia." Ushauri huu umezoeleka, na katika mji kama Dodoma, unaotegemea sana visima vya Mzakwe na kuujua mgawo wa maji, unaumiza.

Una chimbuko la kweli. Sheria ya Marekani ya 1992 ilishusha kiwango hadi lita 6 kwa kila kuvuta. Viwanda vingi vilipunguza maji bila kusanifu upya sinki za choo, nazo zikaziba. Leo maumbo yamebadilika, sifa mbaya imebaki.

Kinachosukuma uchafu ni kasi ya maji, pamoja na upana na ulaini wa njia yake. Kwa hiyo dukani fungua mfuniko wa tangi: tundu la kutolea maji la inchi 3 humwaga kwa kasi kuliko la inchi 2. Kisha pitisha vidole ndani ya njia ya kutokea uchafu. Ikikwaruza kama tofali, achana nacho, hata kikiwa cha bei poa.

Visima vingi huku vina chumvi, nayo huganda kwenye valvu na matundu ya ukingoni. Hakikisha vipuri vya choo hicho vinapatikana mjini kabla hujalipa.