Mchujo wa Taifa wa Riadha: Kwa Nini Mshindi Anaweza Kubaki Nyumbani

Kila Olimpiki au Michezo ya Jumuiya ya Madola inapokaribia, kuna swali linalozunguka vijiwe vya Dar es Salaam, hasa huku Temeke na Chang'ombe ambako Uwanja wa Uhuru na ule wa Benjamin Mkapa viko jirani: "Yule kijana si alishinda taifa? Mbona hayumo kwenye timu?" Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Alikaa jukwaani juani, akamwona kijana akikata utepe wa kwanza na kuvishwa medali. Wiki chache baadaye timu inatangazwa na jina lake halipo. Watu huhitimisha haraka kwamba kuna fitina. Fitina katika michezo haijawahi kuwa kitu kigeni, lakini mara nyingi jibu liko kwenye maana ya mchujo wenyewe.

Mchujo wa taifa ni mashindano yanayoandaliwa na chama cha riadha cha nchi, kwetu Riadha Tanzania, ili kuwapata wanariadha watakaoiwakilisha nchi kwenye mashindano fulani ya kimataifa. Huweza kuwa mashindano ya taifa ya mwaka yaliyopewa kazi hiyo ya ziada, au yakaitishwa mashindano ya peke yake kwa ajili ya uteuzi tu. Wanaokuja ni wakimbiaji wa mikoa, wa vyombo vya ulinzi na usalama kama JWTZ, Polisi na Magereza, na wa klabu. Chimbuko la wengi wao ni UMITASHUMTA na UMISSETA, ile michezo ya shule za msingi na sekondari.

Mchujo hujibu swali moja tu: kati yetu sisi, nani bora leo? Haujibu swali la pili, kama huyo bora wetu anaruhusiwa kuingia kule tunakompeleka. Hilo hujibiwa na World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, na hulijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiwango, yaani muda au umbali uliowekwa mapema ambao lazima mwanariadha aufikie. Kwa Olimpiki ya Paris 2024, kiwango cha mita 100 wanaume kilikuwa sekunde 10.00, mita 1500 wanaume dakika 3:33.50, marathoni wanaume saa 2:08:10 na marathoni wanawake saa 2:26:50. Njia ya pili ni orodha ya ubora ya dunia, ambayo hujaza nafasi zilizobaki kwa pointi anazokusanya mwanariadha kwenye mashindano mbalimbali. Na hata nchi ikiwa na watu kumi waliofikia kiwango, kwenye Olimpiki inaingiza wasiozidi watatu kwa kila aina ya mbio, mruko au mtupo.

Sasa mambo yanaanza kueleweka. Kenya ina wakimbiaji wengi wenye viwango, kwa hiyo mchujo wao ni vita ya kweli ya kugombea nafasi tatu. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiwapitisha wawili wa kwanza moja kwa moja na kuwaachia wateuzi nafasi ya tatu. Kwetu, ukiondoa mbio ndefu za barabarani, shida huwa ni kinyume chake: nafasi zipo, wenye viwango hawapo. Kijana anashinda mita 100 kwa sekunde kumi na nukta kadhaa, anakuwa bingwa halali wa Tanzania, na bado mlango wa dunia uko mbali naye.

Kuna hali inayoumiza zaidi, nayo ni ya kijana ambaye pengine amekimbia vizuri kabisa ila muda wake hauwezi kuthibitishwa. Chukua mita 100 inayopimwa kwa stopwochi. Wapima muda wamepanga mstari pembeni mwa utepe, vidole gumba juu ya vitufe. Hawasubiri kusikia mlio wa bastola; wanatazama moshi wake, kwa sababu sauti inachelewa kufika kutoka mita mia kule. Mkimbiaji anapofikisha kifua kwenye mstari, siyo mguu wala kichwa, wanabonyeza tena. Saa tatu zikitofautiana zote, huchukuliwa ile ya katikati. Kisha muda hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo 10.33 inaandikwa 10.4. Ukitaka kuulinganisha na saa ya elektroniki unaongeza 0.24, kwa kuwa kidole cha binadamu huchelewa kuanza kuliko mtambo uliounganishwa na bastola. Kijana aliyeona 10.33 kwenye saa ya kocha wake sasa ana makadirio ya 10.64. Na hata angekimbia chini ya hapo, muda wa mkono haukubaliki kabisa kwa kiwango cha Olimpiki katika mbio fupi. Inatakiwa saa ya elektroniki yenye kamera kwenye mstari wa kumalizia.

Upepo nao una sheria yake. Kwenye mita 100, 200, mbio fupi za viunzi, kuruka chini na kuruka hatua tatu, upepo wa kusukuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, nafasi uliyoshika inabaki yako lakini muda au umbali hauhesabiki kwa kufuzu wala kwa rekodi. Kwa mita 100, kipima upepo huwekwa pembeni mwa njia ya kwanza, mita 50 kabla ya utepe, kimo cha sentimita 122, na hupima kwa sekunde 10 tangu bastola ilie. Anayeishi Dar anajua kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inavyovuma katikati ya mwaka, ambao ndio msimu wa michujo mingi. Uwanja usio na kipima upepo unamnyima mkimbiaji ushahidi hata siku ambayo hewa imetulia tuli.

Kwa hiyo mimi naona vifaa ni suala la haki kabla ya kuwa suala la fedha. Ukimwita binti kutoka Singida, akapanda basi usiku kucha, akashuka kituo cha Magufuli pale Mbezi na kesho yake akakimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yake, basi lazima mbio ile iweze kusomeka duniani. Vinginevyo umempima kwa kipimo kisichotambulika nje ya geti la uwanja.

Mahali pa mchujo nako si jambo dogo. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi humsaidia anayekimbia mita 100 na kumkaba anayekimbia mita 10,000. Dar ni usawa wa bahari, oksijeni tele, lakini kuna joto na unyevu unaomlowesha mkimbiaji wa Mbulu au Hanang kabla hajamaliza mizunguko mitano ya kupasha. Mita 10,000 ni mizunguko 25. Ikipangwa saa nane mchana unakuwa umechuja uvumilivu wa joto, siyo kasi. Waandaaji wanaojali huipanga asubuhi na mapema au jua linapotua, na huwapa wanaotoka nyanda za juu siku kadhaa za kuizoea pwani.

Marathoni ina utaratibu wake. Mwili hauwezi kukimbia kilomita 42.195 kwa nguvu zote kwenye mchujo na tena wiki chache baadaye kwenye fainali ya dunia. Ndiyo maana nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, hutazama zaidi muda ambao wakimbiaji wameshaupata kwenye marathoni kubwa za nje. Gabriel Geay alikimbia saa 2:03:00 Valencia mwaka 2022. Magdalena Shauri alikimbia 2:18:41 Berlin mwaka 2023. Watu wa namna hiyo wameshachujwa na lami ya Ulaya. Wanariadha wetu wote wanne wa riadha kule Paris, yaani Geay, Shauri, Alphonce Simbu na Jackline Sakilu, walikuwa wa marathoni.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Nchi isiyo na mwanamume au mwanamke hata mmoja aliyefuzu katika riadha huruhusiwa kupeleka mmoja bila kiwango, kwenye baadhi ya mbio, ili kila nchi iwemo. Ndiyo maana Olimpiki utawaona wakimbiaji wa visiwa vidogo wakishiriki mita 100 kwa muda ambao bingwa wetu angeushinda. Sisi, kwa kuwa wanaume na wanawake wetu wa marathoni wamefuzu wenyewe, mlango huo umefungwa. Si dhambi ya Simbu wala ya mtu yeyote, ni kanuni tu. Simbu huyohuyo alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros hatua za mwisho kabisa.

Je, mchujo uwe sheria isiyopinda? Marekani wanasema ndiyo. Watatu wa kwanza siku hiyo, wakiwa na sifa za kufuzu, ndio wanaokwenda, na historia ya mtu haihesabiki. Mwaka 2024 kwenye mchujo wao mjini Eugene, Athing Mu, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, alianguka kwenye mzunguko wa kwanza wa fainali, akamaliza wa mwisho na akaikosa Paris katika mbio hiyo. Jamaika huacha nafasi ya dharura: mwaka 2016 Usain Bolt aliumia msuli wa paja na kujitoa kwenye mchujo, akaomba ruhusa ya kitabibu, akateuliwa, akarudi na dhahabu tatu kutoka Olimpiki ya Rio. Mfumo wa kwanza unamlinda chipukizi asiye na jina, wa pili unailinda medali ya nchi.

Kwa mazingira yetu naona bora ya Jamaika, kwa sharti moja: dharura iandikwe kabla ya mchujo, siyo baada ya matokeo. Kanuni zitangazwe miezi kadhaa mbele, zisomeke hata na kocha wa kijijini Hanang: wangapi watapita, kiwango ni kipi, mgonjwa atafanyaje, rufaa inakwenda kwa nani na kwa siku ngapi. Mwanariadha anayejua hayo akiachwa ataumia, lakini hatahisi ameibiwa.

Na tarehe iangaliwe. Dirisha la kufuzu lina mwanzo na mwisho. Kwa mbio nyingi za Paris lilifunguliwa Julai 1, 2023 na kufungwa Juni 30, 2024. Mchujo ukifanyika siku za mwisho, aliyekosa kiwango kwa nusu sekunde hana mbio nyingine ya kujaribu. Ukifanyika mwezi mmoja na nusu kabla, chama kina muda wa kumtafutia mashindano mawili matatu yenye saa ya elektroniki na wapinzani wa kumvuta. Nusu sekunde kwenye mita 800 hupatikana kwa namna hiyo.