Nyumba Iliyoingiwa na Maji: Ukuta Mkavu kwa Nje Si Lazima Uwe Umekauka

Maji yakishatoka nyumbani na sakafu ikapigwa deki, wengi wetu huku Kisumu, Ahero na Budalangi huamini kwamba ukuta unaoguswa ukawa mkavu umekauka. Ukweli ni kwamba kiganja hupima uso wa ukuta tu. Tofali, lipu na zege vina vitundu vidogo mno ambamo maji hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, kisha hutoka polepole sana. Kwa zege jipya mafundi hutumia kanuni ya mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Haifai, basi, kutarajia sakafu iliyokaa majini siku 3 ikauke kwa wiki moja.

Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 nilimsaidia shangazi yangu kurudi nyumbani kwake karibu na Ahero. Sebule ilionekana safi, naye alikuwa amekwisha kununua rangi. Tulipolivuta kabati kutoka ukutani, tulikuta nyuma yake kuvu ya kijivu iliyotanda kwa umbo lilelile la kabati, na nilipougonga ukuta kwa sarafu, lipu ya chini ililia kama debe tupu, dalili kwamba imeachana na ukuta, ilhali ya juu ilitoa sauti nzito. Rangi ile ilirudi stoo siku hiyohiyo.

Kwamba rangi mpya humaliza tatizo ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi, hasa wapangaji wanaohamia nyumba iliyopakwa juzi. Rangi ya mafuta huziba vitundu, nayo maji yaliyomo hutafuta pa kutokea: rangi hufanya malengelenge, na unga mweupe hujitokeza karibu na sakafu. Unga huo si kuvu kama wengi wanavyodhani, bali ni chumvi ambayo maji huiacha yanapokauka, na ukirudi kila unapofagiwa, ujue unyevu bado unasafiri ndani ya ukuta.

Husemwa pia kwamba jua litakausha kila kitu. Jua husaidia pale hewa inapopita, lakini kando ya ziwa hewa yenyewe ina unyevu mwingi, na udongo mweusi wa uwanda wa Kano hushika maji muda mrefu baada ya mto Nyando kurudi kwenye kingo zake, hivyo kwamba ukuta uliojengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi huendelea kunywa kutoka chini. Gundisha kwa utepe kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 juu ya sakafu, pande zote 4, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake asubuhi, sakafu haijakauka.

Klorini nayo hung'arisha vigae, lakini haifiki ndani ya plaiwudi au ubao wa jipsamu uliokwisha kuota kuvu. Vitu hivyo hutolewa.

Wengine huona ukaguzi wa unyevu kuwa jambo la mafuriko makubwa pekee. Ndoo iliyomwagika na kufutwa papo hapo haihitaji fundi, lakini bomba linalovuja polepole chini ya sinki kwa miezi laweza kuozesha mbao bila kuonekana. Kuvu huweza kuanza kuota katika saa 24 hadi 48, kwa hiyo naona ukaguzi ni wa lazima maji yakikaa zaidi ya muda huo, yakiwa ya mto au ya choo, yakifikia dari au soketi (zima swichi kuu kwanza), harufu ikirudi kila nyumba inapofungwa, au mwenye pumu akizidiwa akiwa nyumbani.

Mkaguzi hutumia kipima unyevu chenye sindano 2. Kwenye mbao, kiwango kinachozidi asilimia 20 ni hatari ya kuoza. Kwenye lipu namba yenyewe haitoshi, kwa kuwa kifaa hicho hupimia mbao, hivyo hulinganishwa na ukuta mkavu wa nyumba hiyohiyo. Mwombe aweke alama ya penseli mahali alipopima na aandike tarehe, kisha apime palepale baada ya wiki 2. Kwa shangazi, alama hizo zilipimwa mara 4 kabla ya kopo la rangi kufunguliwa.